Wiki moja Mashewa na vipande 54 vya mbao

Wapo wanaosema ukitaka kumjua mwenzio vizuri, safiri naye. Mimi naongeza kidogo: safiri naye kwenda kwao. Sizungumzii ile ya kufika Jumamosi asubuhi kwenye harusi, mkapiga picha, mkala pilau, na Jumapili jioni mko barabarani mnarudi mjini. Hapana. Nazungumzia kukaa wiki nzima, kuamka na majogoo, kuoga maji ya ndoo, na kulala saa tatu usiku kwa sababu kijiji kizima kimeshalala. Hapo utamjua mwenzio, na watoto mliowazaa wenyewe mtawajua upya.

Likizo ya Juni familia yetu ilikwenda Mashewa, kwao baba watoto. Mashewa ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Sitawadanganya wapenzi wasomaji kwamba tulikwenda kutalii tu. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, na tangu hapo mama anaishi na binti mmoja anayemsaidia kazi za nyumbani. Watoto wake wote wako mijini: Dar, Tanga, Arusha. Si unajua tena mambo ya familia, simu za usiku zilikuwa zimeshaanza. Mama ahamie kwa nani? Nani ana chumba? Nani ana nafasi? Nyumba ya Mashewa ipangishwe au iuzwe? Kila mmoja ana jibu lake, na mama akiulizwa kwenye simu anasema neno moja tu: "Mtakavyoona wanangu."

Kama una wazazi wa umri ule unajua maana ya neno hilo. Halina maana yoyote. Ni heshima, na ni mlango uliofungwa kwa upole.

Nakwambia mapema kabisa: mlango ule haukufunguliwa na kikao cha familia. Ulifunguliwa na mchezo wa watoto, mchezo wa vipande vya mbao unaopangwa juu ya meza. Lakini twende taratibu, safari kwanza.

Kutoka Mbezi hadi bonde la Lwengera

Mabasi ya kaskazini yanaondoka alfajiri katika kituo cha Magufuli, pale Mbezi Luis. Ukiwa na watoto, chukua la kwanza kabisa. Mtawahi kuiepuka foleni ya kutoka mjini, na jua la mchana litawakuta mmeshafika mbali. Ni kama kilometa 300 hadi Korogwe. Mnapita Chalinze, mnavuka mto Wami, kisha mnaingia Mkata na Kabuku, nchi ya Wazigua, upande wa Handeni. Segera ndiyo njia panda: kulia Tanga mjini, kushoto Korogwe. Basi likisimama, madirisha yanajaa machungwa. Nunueni, lakini mfuko mmoja tu, maana huko mnakokwenda mtapewa ya bure.

Korogwe ni mji wa njia. Barabara kuu ya kaskazini ipo, mto Pangani upo, na reli ipo, ile waliyoanza kuijenga Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Watu wengi wanaujua mji huu kwa kupita tu, wanashuka dakika kumi kula na wanapanda tena. Sisi tulishuka na mabegi yetu yote, tukahamia kwenye Noah ya kwenda Mashewa. Hapo safari ndiyo inaanza kuwa tamu.

Mnaingia bonde la mto Lwengera. Kushoto kwenu ni Usambara Magharibi, kulia ni Usambara Mashariki, na nyinyi mko katikati kama mtoto kati ya wazazi wawili. Pande zote mkonge umepangwa mistari minyoofu hadi macho yanachoka. Mkonge nao uliingia nchini mwaka huohuo wa 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba haya yote unayoyaona, na watu waliotoka mikoa ya mbali kuja kufanya kazi humo kisha wakaoa na kuzaa hukuhuku, yalianzia kwenye miche ile michache. Mpita Magoma, Noah inasimama kila penye mtu mwenye mzigo, dereva anamjua kila mtu kwa jina. Vumbi lilitufuata nyuma mpaka tunashuka.

Mwezi Juni Mashewa inapendeza jamani. Masika imeshaisha, majani bado ni mabichi, na jioni unahitaji sweta. Milima iko karibu kiasi kwamba jua linajificha nyuma yake kabla hujamaliza kunywa chai ya saa kumi na moja.

Nyumba ya seremala

Baba mkwe alikuwa seremala. Vitanda vya nusu ya kijiji, milango, makabati, hata madawati, mengi yalipita mikononi mwake. Karakana yake ni ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la bati: meza nzito ya kazi yenye jiliwa, na ukutani misumari mitupu iliyokuwa inaning'iniza misumeno na randa. Zana zenyewe mama amezifungia stoo pamoja na mbao zilizobaki. Ufunguo anatembea nao, kwenye fundo la kanga. Tangu msiba hakuna aliyeingia mle. Baba watoto alimuuliza siku ya kwanza kama angependa zipewe kijana aliyekuwa mwanafunzi wa baba. Mama akasema, "Mtakavyoona." Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Watoto wetu ni wawili: binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6. Wanampenda bibi yao, lakini ni ule upendo wa picha na simu. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, hamjambo?" "Hatujambo bibi." Baada ya hapo kimya. Bibi Kiswahili chake kimechanganyika na Kisambaa, wao chao kimechanganyika na Kiingereza cha shule. Siku ya pili tableti ikaisha chaji, na mtandao wenyewe ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeambiwa karibu. Binti akajikunja kwenye mkeka, akalalamika, "Mama, bora tungekuja hata na Jenga."

Bibi yake alikuwa anapepeta mchele. Akainua uso. "Mjenge nini?"

Binti akacheka, akaanza kumweleza kwa mikono: vipande vya mbao, vitatuvitatu, mnara, unachomoa cha chini unaweka juu, ukianguka umeshindwa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe kuzenga. Sisi kwetu tunasema kuzenga." Akaweka ungo chini, akafungua fundo la kanga, akampa binti yangu ufunguo wa stoo.

Baba watoto alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Alinitazama, mimi nikatazama mchele.

Kumbe mchezo ni wa kwetu

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wengi tunaununua mchezo huu madukani kwenye maboksi ya rangirangi tukidhani ni kitu cha Kizungu. Jina lake hujawahi kujiuliza? Jenga. Ni Kiswahili kitupu, tena ni amri.

Aliyeuleta duniani ni mama mmoja Mwingereza, Leslie Scott, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1955 na kukulia Afrika Mashariki akizungumza Kiingereza na Kiswahili. Miaka ya 1970 familia yake ilihamia Ghana. Huko walipata vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua magogo cha mji wa Takoradi, vya watoto kuchezea. Pole pole nyumbani kwao vikageuka mchezo wa familia nzima: kupanga mnara, kuchomoa, kupandisha. Baadaye alipohamia Uingereza na kuona wageni wake wanaupenda, akaamua kuutengeneza kwa biashara. Aliuonyesha kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya London, mwezi Januari 1983, akaupa jina la lugha ya utotoni mwake.

Huko ng'ambo jina hilo halikuwa na maana kwa yeyote, na wafanyabiashara walitaka libadilishwe. Mama wa watu akang'ang'ania. Leo mchezo umeuzwa mamilioni kwa mamilioni duniani, na mwaka 2020 uliingizwa kwenye jumba la heshima la vitu vya kuchezea la Marekani, pale Rochester, New York. Kila anayeucheza, awe Mjapani, awe Mbrazil, anatamka neno letu. Na sisi wenye neno tunalinunua kutoka China!

Nilipomsimulia mama mkwe habari hii, hakushangaa sana. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mama, watoto wake anawachezesha?"

Inchi moja kwa inchi tatu

Kijana aliyekuwa mwanafunzi wa baba mkwe aliitwa siku ileile. Siku hizi ana karakana yake mwenyewe njiani. Alipoingia stoo alivua kofia kwanza. Tukachagua mabaki ya fito, mengine mekundu, mengine meupe, yote yaliyokwisha kupigwa randa na marehemu mwenyewe.

Siri ya mchezo iko kwenye vipimo, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Urefu wa kila kipande uwe mara tatu ya upana wake. Vya dukani vina urefu wa sentimeta 7.5, upana 2.5 na unene 1.5. Fundi alicheka, akasema hizo sentimeta ni za shuleni. Yeye akakata inchi tatu kwa inchi moja, unene nusu inchi na kidogo. Vipande vitatu vikilala ubavu kwa ubavu vinatoa mraba kamili, na hapo unaweza kuweka vingine vitatu juu yake kwa kukatisha. Ghorofa 18, mara tatu, jumla vipande 54. Ukipiga hesabu utaona fito moja ya futi kumi na nne inatosha, na mapengo ya msumeno ndani.

Jambo la pili lilinifurahisha zaidi. Usimwambie fundi avifananishe vyote kama pacha. Kukiwa na tofauti ndogo za unene, za kiasi cha kucha, ndipo mchezo unanoga. Kile kilichozidi kidogo kinabeba mzigo, kile kilichopungua kinabaki kimelegea katikati ya wenzake, na ukikigusa kwa kidole kinateleza chenyewe. Vingelingana vyote, vyote vingekaza. Kwa hiyo msumeno wa mkono wa fundi wa kijijini ndio hasa unaotakiwa.

Kazi ya msasa tuligawana. Baba watoto alikaa kwenye meza ya baba yake kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, akisugua kipande kimoja baada ya kingine, na mtoto wa miaka 6 akimpokea na kuhesabu. Mume wangu ni mtu wa ofisini, siku nzima ni kompyuta na simu. Wakati wa msiba alikuwa msimamizi wa kila kitu: majeneza, matanga, michango, magari. Sikumwona akilia. Siku ile, harufu ya mbao ilipopanda, aliacha msasa, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi, akaendelea. Mtoto akamuuliza, "Baba, vumbi limekuingia?" Akasema ndiyo.

Mikono ya mdako

Jioni meza ikatolewa uani. Sheria tulizieleza mara moja. Unatumia mkono mmoja tu kwa wakati. Unaruhusiwa kugusagusa kutafuta kilicholegea, lakini ukishachomoa, ukipeleke juu kabisa, ukikamilisha ghorofa iliyopo kabla ya kuanza nyingine. Huchomoi kwenye ghorofa ya juu ambayo haijakamilika, wala ile iliyo chini yake tu. Ukimaliza, mnasubiri kwa kuhesabu hadi kumi. Anayeuangusha mnara ndiye ameshindwa.

Mzunguko wa kwanza mama alikataa kucheza. Alisimama pembeni mikono kiunoni, anatazama. Kwa wenzangu waliooa au kuolewa kwenye familia za watu, mnajua kile kimya cha mama mkwe anayetazama. Mnara ukamwangukia baba watoto mapema kabisa, watoto wakashangilia. Mama akavuta kigoda. "Sogeeni."

Jamani, yule mama! Ana miaka sabini na ushei, na vidole vyake vimekunjamana kwa jembe, lakini havikutetemeka. Anagusa cha kwanza, anaacha. Anagusa cha pili, anaacha. Cha tatu anakisukuma kwa kidole gumba upande huu, anakipokea kwa vidole viwili upande wa pili, kimetoka. Hatazami hata juu anakokiweka. Binti yangu akamuuliza, "Bibi, umejifunzia wapi?"

"Mdako," akasema.

Mtoto wa Dar hakujua mdako ni nini. Basi kesho yake asubuhi somo likahamia chini ya mti. Bibi akachimba kishimo kama cha kikombe, akajaza vijiwe, akachukua kimoja kikubwa kidogo. Unakirusha juu, na kabla hakijarudi unakumba vijiwe vyote kutoka kishimoni kwa mkono huohuo, halafu unakidaka. Unakirusha tena, unavirudisha ndani na kuacha kimoja nje. Hicho ni chako. Ukikosa kudaka, au ukirudisha visivyo, zamu inahama. Macho yako juu, mkono uko chini, na vidole vinahesabu bila kuangalia. Wasichana wa rika la mama walicheza hivyo kila walipopata nafasi. Bao ni mchezo wa kichwa, mdako ni wa mkono, na mkono uliofundwa utotoni hausahau.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa hivyo: asubuhi mdako, jioni mnara. Binti yangu alishindwa mdako vibaya sana, na sijawahi kumwona akishindwa kitu kwa furaha namna ile. Bibi alimfundisha maneno ya Kisambaa ya kuhesabia, na yeye alimfundisha bibi kusema "zamu yako" kwa Kiingereza. Watoto wa jirani wakaanza kujipanga uani kuanzia saa kumi.

Yaliyosemwa mezani

Usiku wa Ijumaa, kabla ya siku ya kuondoka, shemeji zangu wawili walifika, mmoja kutoka Tanga na mmoja kutoka Arusha. Walikuja kwa ajili ya kikao. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya hesabu kichwani. Chakula kilipoisha, mtoto mdogo hakujua habari za vikao. Akaleta vipande vyake mezani, akaanza kupanga. Nani amkatalie? Wakubwa wakaingia mchezoni kwa kumridhisha tu.

Sasa sikiliza ninachotaka kukwambia. Watu wakikaa kwenye viti na kutazamana, kila mmoja anajiandaa kujibu. Wakiwa wote wanatazama mnara, hakuna anayemtazama mwenzake, na mdomo unakuwa mwepesi. Wifi yangu, yule wa Tanga, akawa anaeleza kwake kuna chumba cha nje, mama angefaa. Kaka yake akasema Arusha hali ya hewa ni nzuri. Zamu ya mama ikafika. Akagusa kipande cha pembeni, chini kabisa. Akagusa tena. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, bila kumtazama yeyote:

"Hiki hakitoki. Kimebeba." Akahamia cha katikati, akakichomoa, akakiweka juu. Halafu akaendelea, "Na mimi sitoki."

Kimya. Mtoto wangu akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, kama sheria inavyosema.

Alipomaliza kumi, mama akazungumza. Baba yenu amelala pale kwenye migomba. Shamba langu liko hapa, kikundi chetu cha kina mama kiko hapa, msikiti uko hapa. Dar nitakaa ndani ya geti kama mgonjwa, nikisubiri mrudi na foleni zenu. Sitaki. Ninachotaka ni tangi la maji maana miguu haitaki tena kupanda na ndoo, na hawa watoto mniletee kila likizo, wote, wa kila mmoja wenu. Zana za baba yenu mpeni yule kijana, azifanyie kazi. Chuma kikikaa kinaliwa na kutu.

Miezi mingi ya simu, na majibu yote yalikuwepo. Mimi ni mkwe, nilinyamaza, lakini chini ya meza baba watoto alinishika mkono.

Sitasema kila mtu aliridhika. Shemeji wa Arusha hakupenda, na hadi leo anasema mama akiugua usiku itakuwaje. Ana hoja. Ndiyo maana tulikubaliana namba za nani apigiwe kwanza, gari la nani liko karibu, na kila mwezi nani anatuma nini. Tangi limeshawekwa. Kijana amechukua zana, na akija kumsalimia mama anabeba kipande cha mbao kilichobaki, kwa ajili ya seti ya watoto wa jirani.

Mnara wa usiku ule ulifika ghorofa 26. Rekodi inayotajwa kwa vipande 54 ni ghorofa 40 na vipande viwili juu yake, ya Robert Grebler mwaka 1985, kwa hiyo bado tuna safari.

Kwa wapendanao na wenye watoto

Si lazima uwe na mama mkwe Mashewa. Mkiwa wawili tu kwenye chumba na sebule yenu, jaribuni. Likiwepo jambo gumu la kuzungumza, fedha, ndugu, uzazi, msikalishane kama polisi na mtuhumiwa. Pangeni mnara, na anayechomoa ndiye anayesema. Mwenzake anasubiri mpaka hesabu ya kumi ndipo ajibu. Utashangaa sekunde kumi zinavyopunguza ukali wa neno.

Kwa watoto, mchezo huu una uzuri mwingine: mkubwa hana faida. Wewe una shahada, yeye yuko la kwanza, lakini kidole chake ni chembamba na hana haraka. Mwache ashinde kwa haki, atashinda mara nyingi kuliko unavyodhani. Na mnara ukianguka hakuna wa kulaumiwa kwa siri, kila mtu ameona. Mnacheka, mnaokota, mnapanga upya.

Ukitaka kutengeneza wako, nenda kwa seremala wa mtaani kwako na kipimo cha inchi tatu kwa moja. Muombe mabaki ya mbao kavu. Mbao mbichi itajikunja na mnara utakuwa mlevi. Piga msasa pembe zote kwa ajili ya vidole vya watoto, na usipake vanishi, maana vipande vitagandana. Viwekeni kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba.

Ukitaka kwenda Mashewa, panga miezi baada ya masika, beba viatu vya kufunga, sweta, dawa ya mbu na pesa taslimu ya kutosha. Ukifika, anza kusalimia wazee kabla ya kupiga picha milima. Na popote mtakapocheza, Mashewa au Mbagala, simu ziwekeni chumba kingine. Mtetemo wa simu moja tu juu ya meza unatosha kuuangusha mnara wote.